Mtu wa Kati na Mlima

Mlima huwagawa watu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la wale wasioujua. Hawa huuogopa, na hofu yao ndiyo ngao yao, kwa kuwa mtu aogopaye hashiki njia asiyoonyeshwa, wala hapuuzi neno la mwenyeji. Fungu la tatu ni la wale waujuao kweli kweli. Hawa nao huuogopa, ila hofu yao imekomaa ikawa hadhari. Katikati limekaa fungu la pili, nalo ndilo kubwa, na ndilo lililo karibu na hatari kuliko mengine. Mtu wa kati amekwisha kuivua hofu ya mgeni, walakini hajaivaa bado hadhari ya mjuzi. Ana miguu ya kumfikisha mahali ambapo akili yake haiwezi kumrudisha.

Mimi ni mtu wa fungu hilo la pili. Nayaandika haya si kwa kujisifia safari, kwa maana safari yenyewe haikufika ilikokusudiwa. Nayaandika kwa kulipa deni nililokopeshwa na mtu mmoja juu ya Mlima Rungwe, deni ambalo fedha niliyompa jioni ile haikulimaliza.

Nafundisha Kiswahili katika chuo kimoja mjini Iringa. Juu ya mji wetu pana jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, na maana ya jina hilo katika Kihehe ni jiwe lisemalo. Wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda pale kukaa na mawazo yake. Kwa miaka mingi nimelipanda jiwe hilo jioni, baada ya vipindi, nikalitazama jua likizama nyuma ya vilima. Baadaye nilikwenda mbali zaidi. Nilitembea katika Milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, nikapanda kutoka upande wa Mang'ula mpaka maporomoko ya maji ya Sanje. Nikanunua buti, fimbo na shanta. Mtu akinunua vitu vitatu vya kazi fulani huanza kujihesabu miongoni mwa wenye kazi hiyo, nami sikuwa mbali na wazimu huo.

Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 300, kupitia Mafinga na Makambako. Msafiri afikapo Mbeya huona kuwa amezungukwa. Mji huo ulizaliwa mwaka 1927 kwa habari za dhahabu ya Lupa, nao umelala kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya kilele cha Loleza na Mlima Mbeya wenyewe, ambao wapita mita 2,800. Kusini mashariki uko uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na miongoni mwake aina zaidi ya 40 za okidi. Na juu ya barabara iendayo Tukuyu, Mlima Rungwe umesimama peke yake, mlima wa moto wa zamani, wenye urefu wa karibu mita 2,960.

Nchi hii haina theluji. Walakini mtu asidanganyike na neno hilo. Katika miezi ya Juni na Julai sakitu huyafunika majani ya Kitulo alfajiri, yakawa meupe kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Hewa hupoa kwa nyuzi sita au saba kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Basi aliyeondoka Mbeya akiwa na joto la kumfaa shati, juu ya Rungwe atakuta limepungua kwa nyuzi saba au nane. Ongeza upepo, ongeza nguo iliyolowa. Baridi haihitaji theluji ili ifanye kazi yake. Yahitaji maji na muda tu.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, wanafunzi wamekwisha kwenda makwao na mvua zimekwisha kuanza. Tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mwenzangu wa historia, mtu mwembamba na mcheshi, ambaye hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko Gangilonga. Alikuja kwa sababu nilimshawishi. Nilimwambia kwamba mlima ni kutembea tu, ila kutembea kwa kwenda juu.

Kiongozi wetu alikuwa Mnyakyusa wa makamo, aliyezaliwa na kukulia chini ya mlima ule. Tulikutana naye alfajiri katika kijiji kimoja. Akatuamkia kwa "Ugonile," nami nikamjibu kwa "Kamwene" ya Iringa, tukacheka sote. Kisha akatutazama viatu, akatutazama mabega, akaitazama mbingu, akauliza koti zito la mwenzangu liko wapi. Nilijibu mimi. Nilisema kwamba nimemshauri aliache garini, kwa kuwa tutapata joto kwa kutembea, na mzigo mzito humchosha mpandaji asiyezoea.

"Mwalimu," akasema, "koti halimlemei mtu. Baridi ndiyo imlemeayo."

Nilicheka kwa adabu, na koti likabaki garini. Yeye hakushindana nami. Nilimwona akiingia nyumbani na kutoka na blanketi, akalikunja, akalitia katika mfuko wa plastiki, kisha katika shanta lake, juu ya chupa ya chai. Akatuambia sharti moja tu: saa sita kamili tutageuka, tuwe tumefika kileleni au hatujafika.

Tukapita mashamba ya viazi na migomba, tukaingia msituni. Kiongozi alikwenda polepole, polepole mno kwa maoni yangu, na kila mara alizungumza. Aliuliza habari za watoto wetu, majina yao na madarasa yao. Alipopata kujua kuwa mwenzangu ni mwalimu wa historia alifurahi, akamwuliza juu ya Mkwawa. Mwenzangu akafunguka kama bomba. Alieleza jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, jinsi ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, jinsi Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 kuliko kukubali kukamatwa, na jinsi fuvu lililochukuliwa Ujerumani lilivyorudishwa Kalenga mwaka 1954. Kiongozi alisikiliza yote kwa makini. Mimi nilikuwa mbele kidogo, nikiihesabu saa, nikisikitika kwamba maneno yanakula muda wa miguu.

Tulipofika katika mianzi ukungu ulishuka. Manyunyu yakaanza, yakawa mvua, na upepo ukaja nayo. Tulipotoka juu ya mianzi, mahali ambapo miti inakwisha na majani yanaanza, sisi wawili tulikuwa tumelowa mpaka ngozi. Mwenzangu alitetemeka sana, kisha kutetemeka kukapungua. Niliona hiyo kuwa dalili njema. Nilijisemea, amekwisha kuizoea baridi.

Hapo kiongozi akamwuliza, "Mwalimu, hebu nikumbushe, Mkwawa alikufa mwaka gani?"

Nilikasirika kidogo. Nilidhani mzee huyu amesahau alichoambiwa saa mbili tu zilizopita. Mwenzangu hakujibu upesi, basi mimi nikajibu badala yake: "Mwaka 1898, Mzee, umekwisha kuambiwa."

"Sikukuuliza wewe," akasema, pasipo ukali. Akauliza tena.

Mwenzangu akamtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasema, "Mkwawa... wale wa Kalenga. Walikuja. Nitakwambia kesho." Ulimi wake ulikuwa mzito, na maneno yalitoka yakiwa yamegandana. Akapiga hatua, akajikwaa mahali pasipo na jiwe.

"Tunageuka," kiongozi akasema.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa tano na robo. Ukungu ulifunguka kidogo, nikauona mgongo wa mlima ukiinuka mbele yetu, na nilikadiria kuwa hatukubakiza zaidi ya nusu saa. Nilimkumbusha sharti lake mwenyewe: alisema saa sita, na saa sita haijafika. Msomi akikosa haki hukimbilia maandishi.

"Saa sita ilikuwa saa ya mlima," akasema. "Hii ni saa ya mtu."

Nikasema neno ambalo mpaka leo sijapata kumwambia mwenzangu, naye ataliona kwa mara ya kwanza katika ukurasa huu. Nilipendekeza kwamba angoje pale nyuma ya mwamba, penye kinga ya upepo, nasi wawili tupande upesi, tukirudi tumchukue. Kiongozi alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyetoa jibu ambalo hata kosa lake halina jina. Hakunijibu. Alimshika mwenzangu mkono, akaanza kushuka.

Tulipofika ndani ya mianzi, upepo ulipokatika, alimvua shati lililolowa, akamvika sweta lake mwenyewe lililokuwa kavu, akamzungushia blanketi, akamketisha juu ya shanta ili asiiguse ardhi. Akanitaka nikae nimemgusa bega kwa bega ili nimgawie joto langu. Akamnywesha chai yenye sukari nyingi, funda kwa funda. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kutetemeka kukarudi, na kiongozi akafurahi kulikuona. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kile nilichokiita mazoea kilikuwa ni mwili uliokuwa ukichoka kujitetea. Hata tulipoanza kushuka tena, mwenzangu akasema ghafula, bila kuulizwa, "Alfu moja mia nane tisini na nane." Kiongozi akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ilipoanza.

Msomaji, mimi nina shahada ya uzamivu. Nimeandika tasnifu ndefu juu ya maana ya maneno katika mazungumzo ya watu. Naweza kueleza kwa nini mtu huuliza jambo alijualo, na jinsi kituo kifupi kabla ya jibu kiwezavyo kubeba maana kuliko jibu lenyewe. Na siku ile, mbele ya sikio langu la kisomi, swali moja liliulizwa mara mbili, likajibiwa kwa namna mbili, nami sikusikia kitu. Kiongozi wetu alikuwa akipima. Tangu asubuhi, alipouliza majina ya watoto, alikuwa akijifunza jinsi kila mmoja wetu asemavyo akiwa mzima, ili ajue atakapoacha kuwa mzima. Baridi iingiapo mwilini huanza na vidole, kisha huingia ulimini na katika hukumu ya mtu. Naye aliyepatwa hajui kuwa amepatwa, kwa sababu chombo ambacho angepaswa kujijulia ndicho kilichoharibika. Ndiyo maana hawezi kuachwa ajipime mwenyewe. Na lau mwenzangu angaliachwa nyuma ya ule mwamba kama nilivyotaka, sidhani kama tungalimkuta anasema.

Niliporudi Iringa nilisoma habari za milima ya watu wengine, hasa milima ya theluji, ambako watu hufunga mbao ndefu miguuni wakateleza. Mchezo huo si mgeni kabisa katika nchi yetu: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na mbao za namna hiyo, na barafu moja ya kileleni, ambayo leo inazidi kusinyaa, ina jina la Furtwängler. Katika nchi zenye theluji wako watelezaji wa kati, waliokwisha kuzimudu njia zilizotengenezwa, nao hutamani kwenda nyuma ya milima, mahali pasipo na alama wala mlinzi. Huko adui yao ni poromoko la theluji. Na aghalabu poromoko limwuaye mtu ni lile alilolianzisha yeye mwenyewe, au mmoja wa wenzake, kwa uzito wa mwili wake. Mwaka 2004 Mmarekani aitwaye Ian McCammon alitoa uchunguzi wake juu ya ajali zaidi ya 700 za namna hiyo. Aliona kwamba wengi wa walioanguka hawakukosa dalili za hatari, na baadhi yao walikuwa wamefundishwa kuzitambua. Walichoponzwa nacho ni njia za mkato za akili: kuyazoea mahali, kushikamana na shabaha waliyoiweka asubuhi, na kutotaka kuonekana waoga mbele ya wengine. Nilisoma nikajiona. Mimi sikuwa na mbao wala theluji, ila makosa yalikuwa yale yale.

Kutokana na hayo nimepata kufahamu kazi ya kiongozi ni nini. Zamani nilidhani kazi yake ni kuijua njia. Njia ni sehemu ndogo. Hata mbuzi huijua. Kazi yake kubwa ni kumjua mtu anayemwongoza. Amjue kabla ya kuondoka, kwa kutazama viatu na kuuliza maswali yasiyo na haraka. Aweke saa ya kugeuka wakati wote wakiwa wana akili timamu na nguo kavu, kwa kuwa uamuzi ufanywao kijijini ni bora kuliko ufanywao penye upepo. Aende kwa mwendo wa aliye dhaifu, wala si kwa mwendo wa anayelalamika. Na juu ya yote awe na moyo wa kuchukiwa kwa saa moja. Mgeni wa kwanza humtii kiongozi kwa hofu, na mjuzi humtii kwa heshima. Mtu wa kati ndiye amtakaye kiongozi asiye kiongozi, mtu wa kumchukulia mzigo na kumwitikia ndiyo. Anayelipa fedha hudhani amenunua kilele, na wako viongozi ambao njaa huwalazimisha kukiuza.

Katika msitu ule tuliopita asubuhi, ndimo anamoishi nyani mmoja aitwaye kipunji. Wataalamu walimtambua Rungwe mwaka 2003, na mwaka uliofuata wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, huku kwetu katika Udzungwa. Mwaka 2006, baada ya kumchunguza zaidi, walimpa jina la jenasi yake peke yake. Walakini wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote, nao ndio waliowapa watafiti habari zake. Kwa muda ilidhaniwa kuwa labda ni mnyama wa hadithi tu. Sisemi haya kwa kuwadharau wataalamu, maana bila wao ulimwengu usingalimjua mnyama huyo wala kuhangaika kumlinda. Nasema tu kwamba kitabu ni mlango mmoja wa maarifa. Mimi nilifika kijijini pale nikiamini kuwa niliye na kitabu ni mimi, na kwamba yule mzee ana fimbo tu.

Mwezi wa Julai uliofuata nilirudi Rungwe. Mwenzangu wa historia alikuja pia, kwa hiari yake, na koti lake alilivaa tangu Iringa. Kiongozi alikuwa yule yule. Mbingu ilikuwa safi, tukafika kileleni kabla ya saa tano na nusu, tukaona nchi ya Wanyakyusa imetandazwa chini yetu, na migomba yake. Yalikuwa mazuri, sikatai. Lakini nilipopita karibu na ule mwamba niliotaka kumwacha mtu nyuma yake, nilisimama, nikaupima kwa macho. Haukuwa na kinga ya upepo hata kidogo. Siku ile nilikuwa nimeiona kinga kwa sababu niliihitaji. Sikumwambia mtu. Kiongozi, aliyekuwa nyuma yangu, akaniuliza watoto wangu wanaitwa nani. Nikamjibu majina yote kwa taratibu, moja baada ya jingine, kama mtahiniwa.

Siku hizi huwachukua wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza mpaka juu ya Gangilonga. Si mlima, ni jiwe tu, na njia yake ni fupi. Walakini hatuanzi kabla sijatazama viatu, na njiani nawauliza habari za kwao. Karibu na juu, pale penye mteremko wa kuteleza, humgeukia mmoja nikamwuliza tena jambo aliloniambia chini. Wao hutazamana na kucheka. Najua wanasema kuwa mwalimu ameanza kuzeeka na kusahau. Nawaacha waseme, nami nasikiliza wanavyosema.